Kakule wa Metre Mbili

Radio ilisema maneno mbili tu, asubuhi, mbele ya kusoma bei ya maharagi: "Kakule amekufa." Kiisha umeme ukakatika, na radio zote za Vulamba, mutaa wetu, zikanyamaza pamoja. Basomaji bangu, munajua neno kama hili linafanya nini ku Butembo. Jirani yangu wa upande wa kushoto, mwenye Kakule wake alikuwa amekwenda Kasindi kuchukua bidhaa, aliacha sufuria ku moto akatoka bila viatu, mikono juu ya kichwa. Muzee wa ng'ambo ya barabara alisimama ku mulango wake, anahesabu bana bake na vidole, na alipofika ku kidole cha ine akakaa chini. Bamotari ba pa kona bakaanza kuulizana: "Kakule gani?" Mumoja akakasirika kabisa: "Radio gani hii inaua Kakule bila kusema ni wa nani? Hapa pa kona peke yake tuko Kakule tano!" Mwenzake akamujibu: "Donc nenda ku radio, useme weye ungali muzima." Bakacheka, mais lilikuwa cheko la woga. Nusu saa kiisha umeme ukarudi, njo tukasikia habari yote: Kakule wa basketi, kapiteni wa zamani wa ekipe ya inchi yetu, amekufa ng'ambo. Moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa ku tereni anafundisha batoto. Jirani yangu akasema, "Asante Mungu," kiisha akafunika kinywa chake na mukono. Hakuna mutu mwenye alimukaripia. Siye bote tulikuwa tumesema ile asante ndani ya moyo, na siye bote tukaona haya.

Kama gazeti hii imeanguka mu mikono ya mugeni, nimufasirie. Siye Banande, batoto tunabaita kwa hesabu ya tumbo la mama. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Hata kama mutoto amekufa siku yake ya kwanza, nafasi yake hatumupe mwingine. Kwa hiyo Kakule si jina vile bageni banafikiri, ni hesabu. Huyu marehemu najua jina lake la ubatizo, la baba yake, la babu yake, na la mama mwenye alimupokea siku ya kuzaliwa. Najua majina ya batoto bote benye balicheza ku ile tereni ya paroisi, juu meza yangu ya mandazi ilikuwa pembeni yake miaka na miaka. Mais mu safu hii hatutaji mutu, na sitaanza leo. Nitamwita Kakule Murefu, vile tulimwita zamani, sababu ku ile tereni kulikuwa Kakule mwingine, Kakule Mufupi, na habari yangu ni ya bo bote mbili.

Mufupi alifika kwangu ile asubuhi lori yake ingali na tope ya barabara ya Kayna. Yeye ni dereva, mutoto wa muzee mumoja muislamu mwenye alikuwa na malori mbele ya watu bengi kuwa hata na baiskeli. Aliondoa kofia yake akakaa ku kiti changu kidogo, magoti karibu na kidevu.

"Mukaka," akaniambia, vile hapa banaita bibi muzee, "amekwenda na sijamwambia."

Nilijua yenye alikuwa anasema, mais nilitaka aseme mwenyewe. "Haukumwambia nini?"

"Zile siku mbili. Miaka yote hii nasema, akirudi nitamwambia. Sasa nitamwambia nani?"

"Mama yake angali," nikajibu.

Akanitazama kama mutu mwenye amesukumwa mu mutoni. Kilio kilikuwa cha siku ya yenga, ni kusema jumapili, ku nyumba ya mama wa Murefu. Alikuwa na siku tatu za kufikiri kama ataingia mule na lile neno, ao ataingia na kilo ya sukari tu kama batu bengine.

Mbele nifike ku zile siku mbili, mujue kwanza bale batoto balikuwa namna gani. Murefu alikuwa anakua vile muti wa mukaratusi unakua, bila kupumzika. Mama yake alikuwa anashona kitambaa ku mwisho wa suruali kila mwaka, mpaka ile suruali ikawa na rangi ine. Alikuwa mupole, anakula mandazi bila kusema, na akicheza anaomba ruhusa kwa mutu mwenye anataka kumunyanganya balo. Mufupi naye alikuwa ulimi na miguu. Alipita na balo chini ya mikono ya barefu sawa panya anapita chini ya mulango, na akifunga anageuka kubatukana: "Weye mulingoti! Urefu ulikusaidia nini?" Murefu anacheka tu. Balipendana. Batu balisema ni Kakule moja mwenye Mungu alimugawanya vibaya.

Wakati mumoja ekipe ya paroisi ilikwenda kucheza ku Goma, na kule kulikuwa kochi mumoja wa kufundisha basketi, mugeni, muzungu, mwenye kazi yake ilikuwa kutafuta vijana ba kupeleka ku masomo ya basketi ng'ambo. Alimuona Murefu, akaandika mu kadaftari kake lile jina alisikia batu banapigia kelele: Kakule, Kakule. Alifikiri limetosha. Miezi kiisha barua ikatoka kwake, juu ya anvelope imeandikwa: "Kakule, tereni ya paroisi, Butembo." Dereva mwenye aliileta alifika siku ya kwanza ya juma, jumatatu, akauliza pa soko: "Kakule wa basketi ni nani?" Na soko, bila ubaya, ikamuonyesha nyumba ya yule muzee wa malori. Si Mufupi alikuwa Kakule? Si alicheza basketi? Hakuna mutu mwenye alisema uongo. Barua ikaingia ku nyumba yenye haikuwa yake, na ikapokewa na vigelegele.

Ile barua ilikuwa ya kifaransa. Muzee wa malori alijua kusoma Kurani na kujua sauti ya moteri yenye inataka kufa, mais kifaransa hapana. Kwa hiyo Mufupi mwenyewe aliisoma mbele ya familia, anafasiria: kijana ameonekana, kijana ameitwa, masomo, chakula na tikiti ya ndege ni juu yao, afike Goma siku ya posho, ni kusema jumamosi, mbele ya saa sita, kiisha hapo ndege haitamungoja. Baba yake akachinja mbuzi. Shangazi zake bakacheza mpaka mukeka ukapasuka. Siku ya pili Vulamba nzima ilijua, na Murefu mwenyewe alikuja kumukumbatia mwenzake, akamwambia, "Utatuletea viatu."

Siku ya tatu Mufupi alipita ku meza yangu na anvelope mu mufuko wa shati. Nikamuita. "Kuja unisomee na miye, nisikie vile kifaransa kinaita batoto betu." Akafungua, akaweka kidole ku karatasi, akasoma na kufasiria. Miye nilisoma miaka mbili tu, kiisha baba akasema inatosha kwa mwanamuke. Kifaransa sikijui. Mais mutu wa kupika mandazi anahesabu hata akisinzia, na nilikuwa nafuata kile kidole. Niliona kimeruka.

"Rudia," nikasema, "ni tamu."

Akarudia. Kidole kikaruka pale pale.

"Mistari iko saba," nikamwambia. "Weye umesoma sita. Ule wa tano unasema nini?"

"Ni salamu, Mukaka."

"Salamu inakaa katikati ya barua?"

Akaondoa kidole ku karatasi. Mandazi yangu ikaanza kuungua na sikuigeuza. Kiisha akasema, sauti ndogo kabisa: "Inasema, yule kijana mwenye urefu wa metre mbili."

Tulitazama miguu yake siye bote mbili. Nilijikaza nisicheke, Mungu anisamehe. "Na weye uko na metre ngapi?"

"Moja na kitu kidogo." Hapo akalia, na machozi yake yakamaliza cheko langu. "Nilijua toka siku ya kwanza. Nilisema labda hawatapima. Mukaka, baba amechinja mbuzi. Mbuzi hairudi!"

"Mbuzi hairudi," nikamwambia, "mais barua inarudi."

Nilikwenda naye. Muzee wa malori alikuwa anatawaza kwa sala ya alasiri, kopo mukononi. Alisikiliza mpaka mwisho, na maji yakaendelea kumwangika yenyewe. Nilingoja fimbo. Akasema tu: "Hii ni amana ya mutoto wa mutu, na imelala mu nyumba yangu usiku mbili." Kiisha akamutazama mwanawe. "Nyama tumekwisha kula. Tutajibu na magurudumu. Lori yangu itamupeleka." Alisali, akavaa koti lake la kilio, na jua likiwa lingali juu tulifika kwa mama wa Murefu. Haya ilimushinda kusema yote. Alisema: "Dada, barua ya mwana wako ilipotea njia, sasa imefika." Siku mbili hakuzitaja. Miye pia sikuzitaja, na Mufupi alikuwa nyuma ya mugongo wa baba yake. Njo vile lile neno lilibaki bila kusemwa, na neno lenye halikusemwa siku ya kwanza linakuwa zito kila siku.

Lori ikaondoka siku ya tano, asubuhi sana. Mbele ya Kayna tope ikaimeza mpaka ku taa. Murefu akavua shati yake moja ya maana, akaikunja vizuri, akaiweka kwa kiti, akaingia mu tope pamoja na Mufupi na bakulima ba pale, bakasukuma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bakafika Goma siku ya posho, mbele kidogo ya saa sita, bote mbili na tope mpaka ku masikio, na yule kochi alikuwa anafunga valizi yake. Mufupi alinielezea mara mingi: muzungu akamutazama yeye, akamutazama mwenzake, akauliza, "Kakule?" Bote mbili bakajibu, "Oui."

Yenye ilifuata, basomaji bangu, miye nikiisema ninasimama. Yule mutoto wa suruali ya rangi ine alifika ku inchi yenye baridi inapasua midomo, hakujua hata neno la pale, na mwaka muzima alikaa ku benchi anatazama bengine banacheza. Balisema ni mwembamba. Alikula, alikimbia, alinyamaza. Mwaka wa pili bakamuingiza dakika tano, na zile dakika hazikumalizika mpaka miaka kumi na mingi ikapita. Mara tatu aliinua kikombe cha mabingwa ba ile inchi. Mara mbili balimuchagua muchezaji wa kwanza kati ya bote, yeye mugeni, mbele ya bana ba pale. Ekipe ya inchi yetu ilimupa ukapiteni akiwa angali kijana, na hakuna mutu mwenye alimuomba aurudishe mpaka yeye mwenyewe aliurudisha. Siku ya kuaga, jumba lote la ng'ambo lilisimama likapiga mikono mpaka muamuzi akaketi. Niliona ku simu ya mujukuu wangu. Nilimwambia airudishe nyuma, niione tena. Nikamwambia airudishe tena.

Kitu chenye kilinishangaza zaidi si vikombe, ni kazi yenyewe aliyochagua. Ile chuma ya juu banaiita panye, ni kusema kitunga. Kwangu miye kitunga chenye hakina kitako ni kitunga cha wazimu, mais tuache. Bengi banapenda kutupa balo mu kile kitunga, na ni bale gazeti inabasifu. Murefu kazi yake ilikuwa ya kungojea wenzake bakosee. Balo inapiga chuma, inarudi, mikono kumi iko juu, na mukono wake njo unaichukua. Mama mwenye amepita nyuma ya bavunaji kuokota maharagi yenye imebaki mu shamba, yeye anajua ile kazi. Haina sifa, na bila yenyewe familia inalala njaa.

Mechi moja sitaisahau mpaka kufa. Ilikuwa nusu-fainali ya Afrika, tuko mu salle ya paroisi mbele ya televizio, batu juu ya batu, mashini ya umeme inalia inje. Goti lake lilikuwa limefungwa kama mutoto wa siku moja. Pointi moja ilikuwa inatukosa, na wakati ulikuwa umebaki wa kupiga chafya. Mwenzake akatupa, balo ikapiga chuma. Murefu akaruka, ikamuponyoka. Akaruka tena na ile goti, ikaguswa na wengine. Mara ya tatu akaipiga na ncha ya vidole kama mutu anafukuza inzi, na ikaingia. Salle ikapasuka. Miwani ya padri ilivunjika na alicheka. Mufupi alikuwa pembeni yangu na hakupiga kelele. Alificha uso. Nilifikiri ni furaha, mpaka aliponisemea mu sikio: "Mukaka, kama ningenyamaza siku mbili zingine, nani angeruka?"

Na jina lenye lilikuwa ku mugongo wa shati yake? Bengine banaandika la baba ao la ukoo. Yeye aliandika KAKULE, na hapana kingine. Bandishi ba habari ba kule balimuuliza maana yake, na akabajibu vile batu balituletea ku radio: "Ni kusema kuko batatu mbele yangu." Bakauliza, bale batatu banacheza wapi? Akasema: "Hawakupata wakati wa kucheza." Paluku wake alikufa na surua, Kambale na homa, Kasereka alikuwa kijana muzima mwenye alikwenda shamba upande wa Beni na hakurudi. Kila mara alipoingia mu lile jumba, batu elfu na elfu bakalia "Kakule!", walikuwa banahesabu bale batatu bila kujua.

Siku aliporudi kwetu mara ya mwisho, nilipanda lori ya Mufupi pamoja nabo kwenda Beni, miye nikamuone binti yangu. Kule balimupeleka ku tereni moja ndogo, batoto ba familia zenye zilikimbia mashamba balikuwa banamungojea, mistari mirefu, na balo moja. Akaanza kubasalimia kwa mukono. "Unaitwa nani?" Kasereka. "Na weye?" Kakule. Akacheka, "Mwenzangu!" Kiisha akauliza vile sisi bote tunauliza bila kufikiri: "Na Kasereka wako iko wapi?" Mutoto akatazama chini. Akauliza mwingine, Kambale, "Na Paluku wako?" Ule naye akachora vumbi na kidole cha muguu. Ule mutu wa metre mbili aliacha kuuliza. Alikaa chini mu vumbi na nguo zake za ng'ambo, miguu imenyooka mpaka katikati ya tereni, na hapo uso wake ukawa sawa na nyuso zao. Kiisha kale ka Kakule kakamuuliza: "Ni kweli unagusa panye bila kuruka?" Akasema, "Kuja nikuinue, uiguse weye." Alibainua bote, mumoja mumoja, na ule mukono wenye balimupasua bega ku hospitali. Nilihesabu mpaka nikachoka.

Na Mufupi, siku zile zote, neno lilikuwa ku meno. Mais kila akifungua kinywa, Murefu anamubeba juu mbele ya batu na kulia: "Huyu njo dereva wangu wa kwanza!" Batu banapiga mikono, na neno linarudi tumboni.

Leo mambo imebadilika. Barua haipotee tena pa soko, inaruka mu simu na picha na metre zake. Bazazi bananifuata ku meza, bananiuliza: "Mukaka, weye ulimuona akiwa mudogo. Alikuwa anakula nini? Alivaa viatu gani? Balimuombea wapi?" Kila mutu ku Butembo anataka kujua vile mutoto anakuwa mukubwa, na bote banatafuta jibu ndani ya yule mutoto: mu mifupa yake, mu damu yake. Miye pia nilifikiri vile. Nilifikiri hivyo mpaka siku ya yenga.

Kilio kilijaa mpaka inje ya lupango, uwanja wa nyumba yabo. Turubai ilifungwa ku miti, bamama ku mikeka, banaume ku viti vya paroisi, na mwili ungali ng'ambo unangojea karatasi. Mufupi aliingia na koti la marehemu baba yake. Hakushika sukari. Alipita katikati ya bote, akapiga magoti ku mukeka wa mama wa Murefu, na kimya kikaanza pale mbele kikaenda mpaka ku mulango.

"Mama," akasema, "ile barua haikupotea njia. Ilikuwa mu mufuko yangu siku mbili. Nilisoma, nikajua ni yake, nikanyamaza. Nilitaka kwenda miye. Sikumwambia mpaka amekufa."

Shangazi mumoja wa marehemu akaruka juu: "Siku mbili! Ulitaka kumuibia njia, na unakuja kula kilio chetu!" Batu bakaanza kunung'unika. Mufupi hakuinua kichwa. Mama akanyoosha mukono, na bakanyamaza. Ni mama muzee sasa, sauti yake si kubwa, mais hakuna mutu mwenye alikosa neno.

"Weye uliiweka siku mbili juu ulitaka kwenda," akamwambia. "Na miye niliiweka siku moja juu sikutaka aende."

Hata shangazi alikaa.

"Baba yako aliniletea siku ya tatu. Paluku nilizika. Kambale nilizika. Kasereka sikupata hata wa kuzika. Karatasi inakuja kuniomba wa ine! Niliitia ndani ya mufuko ya maharagi, nikafunga. Siku iliyofuata, mutoto alishinda hapa anapasua kuni, anaimba, na miye namutazama. Nilisema: lori ya ule muzee iondoke bila yeye, nitasema nilisahau. Mama mwenye amezika anasahau, nani atanihukumu?" Akapangusa kinywa na ncha ya kitenge. "Jioni akaingia kula. Aliinama ku mulango vile alizoea, na akagonga kichwa. Akasema, 'Mama, pole,' kama yeye njo alikosea mulango. Hapo nikaona nyumba yangu imekuwa fupi. Njo nikafungua mufuko."

Mufupi alikuwa analia bila sauti. Mama akamushika ku bega. "Alinishukuru mpaka mwisho kwa ile barua. Wasingya, Mama, Wasingya, kila mara anapiga simu. Na miye sikumwambia. Donc tumefanya siku tatu, weye na miye." Kiisha akaonyesha benchi ya upande wa kuume, kwenye bandugu ba marehemu banakaa kupokea mikono ya bageni. Toka asubuhi ilikuwa tupu, na siye bote tulikuwa tunapita pembeni yake bila kuitazama. "Nenda ukae pale," akamwambia. "Batu banafika na hakuna mutu wa kubasalimia."

Akaenda akakaa. Katikati ya ile benchi ndefu, miguu yake ilikuwa inagusa chini kwa shida. Na batu bakaanza kujipanga, na hata yule shangazi akajipanga, bakamupa mukono mumoja mumoja: pole, ndugu.

Basomaji bangu, miye nilifikiri nimekuja kulia mutu mwenye Mungu alimufanya murefu. Nilirudi nyumbani nashangaa bale bafupi benye walimufungulia njia. Vikombe vyake viko mu kabati ya ng'ambo, na vitakaa pale. Mais mbele ya vikombe kulikuwa kijana moja mwenye alisoma mustari wenye haukumupenda, muzee moja mwenye alitoa lori yake, na mama moja mwenye alifungua mufuko akijua yenye anapoteza. Kama mu nyumba yako kuna kitu cha mutoto wa mutu, ni barua, ni nafasi, ni sifa, ao ni mutoto wako mwenyewe mwenye umemushika sana, kiache kiende leo. Bale walimushika siku tatu, na alifika. Siku ya ine, ndege ingekuwa imekwisha kwenda.